Nyumba ichaguliwe na atakayebaki nyumbani

Nyumba yetu ya kwanza ughaibuni niliichagua mimi, kwa simu, nikiwa nimelala chali usiku na mtoto amenilalia mkono hadi ukafa ganzi. Tangazo lilikuwa na picha 14: sakafu ya mbao, madirisha marefu, jiko jeupe. Dakika 12 kwa treni hadi kazini kwangu. Nikamgeuzia mume wangu simu aone. Akasema, "Nzuri." Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza. Mkataba wa kazi ulikuwa wangu, viza ilikuwa yangu, wao kwenye makaratasi walikuwa wategemezi wangu, na bila kuambiana tukachukulia kwamba mwenye kazi ndiye mwenye kuchagua mtaa.

Ngazi hazikuwemo kwenye picha hata moja. Ghorofa ya nne, lifti hakuna, vidato 72. Mimi nilivipanda mara moja kwa siku nikiwa na mkoba tu, nikajiambia ni mazoezi. Mume wangu alivipanda na mtoto wa miaka miwili. Hebu fikiria: mvua inanyesha, mtoto amepitiwa na usingizi kwenye kigari, mpini umening'inizwa mfuko wa nepi na maziwa. Ukimwamsha atalia hadi jioni. Ukikiacha kigari pale chini, jirani ameshabandika karatasi ukutani kwamba ukumbi ni njia ya kukimbilia moto ukizuka, vitu visiachwe, na jirani yule alikuwa na haki yake. Basi alimpandisha mtoto kwanza, akamlaza, akafunga mlango, akashuka mbio kufuata kigari roho ikiwa mkononi, kwa sababu kule juu yumo mtoto peke yake anayeweza kuamka wakati wowote. Aliye juu mngoje chini, tunasema. Kwetu aliyengoja chini kila siku alikuwa kigari.

Mwezi wa kwanza walitoka mara mbili kwa siku. Wa pili, mara moja. Wa tatu kuna siku hawakutoka kabisa, na mimi nikirudi jioni nilikuwa nauliza, "Leo mlitoka?" kwa sauti ambayo nikiikumbuka sasa naona haya, kana kwamba uvivu ulikuwa wao.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua wengi wenye mikataba hawatayapenda: familia yenye mtoto mdogo ikihama nchi, nyumba ichaguliwe na yule atakayebaki nyumbani mchana. Anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, nyumba kwake ni kitanda na bafu. Aliyebaki na mtoto, nyumba hiyo pamoja na mita mia tano za kuizunguka ndiyo nchi nzima mliyohamia. Hajui mtu mwingine, hana ofisi ya kumpa marafiki wa lazima, na lugha bado inamkwama kooni. Kama unahama peke yako na mtoto, basi jiulize swali hilohilo kuhusu siku zako mbaya zaidi: siku mtoto ana homa, kituo cha kulelea watoto hakimpokei, na wewe umebaki naye ndani.

Watu wakitafuta nyumba huchora duara kuzunguka kazini. Chora kuzunguka miguu ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hatembei kutoka hapa hadi pale. Anatembea kutoka kokoto hadi kokoto, anasimama kumsalimia kila paka, na njia ya dakika kumi za mtu mzima inakuwa nusu saa na machozi mawili. Ndani ya duara hilo dogo kuna nini? Duka la kununua maziwa, sawa. Bembea, ndiyo. Kituo cha basi ambacho basi lake linaingia na kigari bila kukunjwa. Na kitu ambacho mimi sikukiwazia hata kidogo: mahali penye paa na joto ambapo huulizwi umenunua nini. Mara nyingi mahali hapo ni maktaba ya umma. Maktaba nyingi siku hizi zina kona ya watoto, zulia, vitabu vya kutafunwa, na saa ya hadithi mara moja kwa wiki. Usiidharau ile saa ya hadithi. Mtu mzima mgeni anayejifunza lugha ya nchi anaelewa hadithi ya sungura kabla hajaelewa barua ya kodi.

Kwa wanaohamia kaskazini jambo hili lina uzito wake. Mjini Stockholm mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mtoto akiamka usingizi wake wa mchana, nje ni giza. Ile bustani ya kupendeza uliyoiona kwenye picha za Julai haina kazi kwako kwa miezi kadhaa, lakini maktaba iliyo mtaa wa pili ina kazi kila siku. Juni nayo ina vituko vyake: saa mbili usiku jua lingali linawaka na mtoto anakuangalia kama mwongo unapomwambia ni usiku. Nunua mapazia mazito kabla ya kitanda.

Kisha kuna magari. Tazama mtaa wenyewe kwenye picha za barabarani za ramani ya intaneti: je, kuna njia ya waenda kwa miguu, ina upana wa kupitisha kigari, magari hayakupandishwa juu yake? Mtaa mtulivu si bahati, ni uamuzi wa watu. Uholanzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikiua mamia ya watoto barabarani kila mwaka, hadi wazazi wakaingia mitaani kwa maandamano ya "Stop de Kindermoord", yaani komesheni mauaji ya watoto. Baiskeli na mitaa ya makazi inayosifiwa leo imetokana kwa sehemu kubwa na hasira ile. Katika nchi nyingi za Ulaya utaona kibao cha bluu chenye nyumba, mtu mzima na mtoto anayecheza mpira. Ujerumani mtaa wenye kibao hicho dereva anatakiwa aende mwendo wa mtu anayetembea, na watoto wanaruhusiwa kucheza barabarani. Ukikikuta karibu na nyumba unayoitazama, iongezee alama.

Shule ndiyo inayowanyima wazazi usingizi, na hapa naona tunajitesa mapema mno. Nimekaa na wazazi wenye mtoto wa miezi 18 wanaolinganisha matokeo ya mitihani ya sekondari. Hata hivyo ni lazima ujue desturi ya nchi unayokwenda, maana zinatofautiana sana. Ufaransa tangu 2019 elimu ni lazima kuanzia miaka mitatu. Finland shule ya msingi huanza mwaka mtoto anapofikisha saba, baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Uingereza, watoto huanza darasa la kwanza kabisa Septemba baada ya kutimiza miaka minne, maombi ya shule za serikali yanafungwa tarehe 15 Januari ya mwaka huo, na shule ikijaa, mara nyingi kinachoamua ni umbali kutoka mlangoni kwako. Marekani shule nyingi za umma hutegemea kwa kiasi kikubwa kodi ya majengo ya eneo lake, kwa hiyo bei ya nyumba huwa imeshameza bei ya shule. Kwenye nchi hizi mbili za mwisho, anwani ni sehemu ya ada.

Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kinachobana ni malezi ya mchana. Ujerumani mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi tangu tarehe 1 Agosti 2013, na bado wazazi wengi katika miji mikubwa wanahangaika na orodha za kusubiri. Haki ni jambo moja, kiti ni jingine. Andikia vituo kabla hujasaini mkataba wa pango, si baada. Uliza kinafungwa saa ngapi. Kisha fanya hesabu ukiwa na siku mbaya kichwani: kituo kinafunga saa kumi na moja jioni, unatoka kazini saa kumi kamili, treni inachelewa. Mara ya kwanza utakimbia. Mara ya kumi utaanza kutafuta nyumba nyingine.

Bruno Frey na Alois Stutzer, wachumi wa Uswisi, walichunguza takwimu za Ujerumani wakaona kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha kama wengine, na kwamba mshahara au nyumba nzuri haviwafidii kama nadharia ya uchumi inavyotaka. Naiheshimu kazi yao. Ila waliyempima ni msafiri mwenyewe. Nyumbani kwetu safari ilikuwa dakika 12 tu na msafiri aliridhika kabisa. Aliyeumia hakuwa msafiri.

Najua nitaambiwa: mtaa unamjenga mtoto, huwezi kuuchukulia kama gesti. Ni kweli unamjenga. Marekani miaka ya 1990 kulikuwa na jaribio la serikali lililowapa familia maskini wa miji mitano vocha za kuhamia mitaa isiyo na umaskini mwingi. Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia wale watoto, waliona kwamba waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani, takriban asilimia 31 zaidi, ilhali waliohama wakiwa vijana hawakufaidika. Wengi husoma matokeo haya kwa hofu, kana kwamba kosa la mtaa wa kwanza halifutiki. Mimi nayasoma kinyume. Kilichowasaidia ni miaka mingi waliyoishi mahali pazuri, na mtoto wa miaka miwili bado ana miaka hiyo karibu yote mbele yake. Huu ndio umri wa kukosea na kuhama tena.

Kwa hiyo panga nyumba ya muda mfupi kwanza, miezi mitatu hadi sita, yenye samani, hata kama ni ghali. Angalizo moja tu: hakikisha nyumba hiyo ya muda itakupa anwani halali. Ujerumani unatakiwa kujisajili ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia na mwenye nyumba akupe karatasi ya kuthibitisha. Asiyetoa karatasi hiyo amekuuzia paa bila anwani, na bila anwani hata akaunti ya benki ni mbinde. Hukohuko wana "kodi baridi", yaani pango peke yake, na "kodi joto", yaani pango pamoja na gharama kama maji na kipasha joto, na usipouliza ni ipi inayotangazwa utashangazwa na bili ya maji na kipasha joto. Na popote pale, anayesema yuko safarini nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa amana, hana nyumba.

Ukiwa na mtoto anayetia kila kitu mdomoni, uliza pia umri wa jengo. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi kwenye nyumba mwaka 1978, na mwenye nyumba ya kabla ya hapo analazimika kumpa mpangaji maelezo ya hatari yake. Jijini New York, majengo ya nyumba tatu au zaidi sharti yawekewe vizuizi vya madirisha panapoishi mtoto wa miaka 10 au chini. Sisi madirisha yetu marefu ya kwenye picha hayakuwa na kizuizi chochote.

Ukae karibu na watu wa kwenu? Wapo wanaokimbia hilo eti mtoto ajifunze lugha haraka. Mtoto atajifunza tu, hilo usilipangie kodi. Anayehitaji mtu wa kuongea naye bila kutafuta maneno ni mzazi. Ila kukaa nao jengo moja sitaki tena. Umbali wa safari ya basi moja unatosha, ili wanaokuja kukutembelea wapige simu kwanza.

Nyumba ya pili aliitafuta mume wangu. Ya ghorofa ya chini kabisa, jiko la rangi ya kijani iliyochoka, dakika 40 hadi kazini kwangu. Alikwenda kuitazama Jumanne saa nne asubuhi na mtoto kwenye kigari, na dalali alishangaa kwamba hakufungua hata kabati. Alisukuma kigari kutoka mlangoni hadi kwenye bembea, akarudi, akasukuma tena hadi maktaba, kisha akanipigia nikiwa kwenye kikao.

"Kuna benchi hapa," akasema. "Na kuna mama mmoja ameniuliza mtoto wetu ana umri gani."

Nilisaini jioni hiyo. Picha sikuziomba.