Kisukari: ni lazima kumwona daktari?

Mama yangu mdogo ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa. Anaishi kijijini, upande wa Muheza. Alipogundulika, sisi tulioko mjini tulikataa katakata atibiwe zahanati ya kijiji. Pale yupo tabibu mmoja na wauguzi wawili, tukasema, na kisukari si mafua. Tukawa tunamsafirisha kila baada ya miezi mitatu kwenda hospitali kubwa, akaonwe na daktari mwenye digrii. Anaondoka na basi la alfajiri bila kula chochote ili apimwe sukari akiwa hajafungua kinywa, anakaa foleni mpaka mchana, anaingia chumbani, anatoka na karatasi ya dawa. Siku moja nilimsindikiza mwenyewe. Daktari alisoma kipimo, akaongeza dozi, akamwambia apunguze wanga. Hakumwambia avue viatu.

Nimekuwa nikiirudia siku ile kichwani kila ninaposikia mjadala wa kushusha kliniki za kisukari hadi vituo vya afya na zahanati. Wanaopinga wana hoja moja kubwa: ubora wa huduma unategemea aliyekaa upande wa pili wa meza. Amesoma nini, miaka mingapi, ameona wagonjwa wangapi. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, na baadhi ya hofu zao ni za kweli kabisa, nitazifikia. Ila naona upande wa tabibu na muuguzi husikilizwa nusunusu, kama watu wa kuvumiliwa mpaka madaktari watakapotosha.

Hata huko ambako kila mgonjwa anaonwa na daktari, historia ya daktari imekuwa kipimo kigumu kukitegemea. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya tathmini 62 zilizolinganisha miaka ya kazi ya madaktari na ubora wa huduma zao. Zaidi ya nusu zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka inavyoongezeka. Mwaka 2017 ukafuata utafiti juu ya wazee wa Marekani waliolazwa hospitalini: waliotibiwa na madaktari waliosomea udaktari nje ya nchi hiyo walifariki ndani ya siku 30 kwa kiwango cha asilimia 11.2, na waliotibiwa na waliosomea Marekani kwenyewe asilimia 11.6. Hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari peke yao, tena walikuwa wamelazwa, kwa hiyo siwezi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi kliniki ya Muheza. Ninachokichukua ni kwamba yale tunayoyaamini kwa macho, mvi na jina la chuo, hayatabiri tunavyodhani.

Kwetu swali linakuja kwa sura nyingine. Msomaji wa Tanzania au Kenya anajua kwamba mtu anayeitwa "daktari" kijijini mara nyingi ni tabibu mwenye diploma ya miaka mitatu, na anayebaki na mgonjwa muda mrefu zaidi ni muuguzi. Je, hao wanaweza kuusimamia ugonjwa wa maisha?

Jibu ninalolipenda linatoka Hlabisa, wilaya ya vijijini huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya kliniki za magonjwa sugu zilizoendeshwa na wauguzi wilayani humo. Walipewa mwongozo ulioandikwa wa kutambua ugonjwa na wa kupandisha dawa hatua kwa hatua, pamoja na kadi za matibabu na rejesta zilizobaki kituoni. Wauguzi hao waliudhibiti ugonjwa kwa asilimia 82 ya wagonjwa wa kisukari wasiotegemea insulini, asilimia 68 ya wenye shinikizo la damu na asilimia 84 ya wenye pumu.

Asilimia 82. Nimeitafakari namba hiyo kwa muda mrefu, nikijaribu kuibomoa mwenyewe kabla sijaitumia. Taarifa ile ilikuwa maelezo ya kazi iliyofanyika. Halikuwa jaribio lenye kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatujui daktari angepata ngapi mahali palepale. Pia asilimia ya kliniki yoyote huwahesabu waliokuja. Aliyeacha kuja kwa sababu ya nauli au kwa kukata tamaa hayumo, na huyo ndiye sukari yake imepanda kuliko wote. Halafu neno "kudhibitiwa" hubeba maana tofauti kutegemea ulichopima: sukari ya siku ile, au HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Mtu anaweza kujibana siku tatu kabla ya kliniki akapimwa vizuri. Kwa hiyo punguza. Toa wasiohesabiwa, toa waliojibana. Nikishapunguza hayo yote, bado nabaki na wauguzi wa vijijini waliofanya kazi ambayo wengi wetu tungeapa kwamba haiwezekani bila daktari, na kilichowawezesha kilikuwa mwongozo, kadi na rejesta. Shule yao ilikuwa ileile waliyokuja nayo.

Ushahidi wa baadaye unaelekea hukohuko. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 18 ambamo wauguzi walishika nafasi ya madaktari katika huduma za msingi. Kwa sehemu kubwa matokeo ya wagonjwa yalikuwa sawa au mazuri kidogo kwa wauguzi, na wagonjwa waliridhika zaidi. Karibu majaribio yote ni ya nchi tajiri, na hilo lazima lisemwe. Lakini sisi wenyewe tuna mfano tusioupa uzito unaostahili: dawa za VVU. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwagawia kazi hizo watumishi wa ngazi za chini. Leo wenye kadi za CTC, yaani kliniki za matibabu ya VVU, wanahudumiwa na matabibu na wauguzi mpaka vijijini, na hakuna anayeshangaa.

Msimu mmoja wa machungwa mama mdogo alishindwa kusafiri, kwa kuwa mavuno hayamsubiri mtu. Akaenda zahanati bila kutuambia. Baadaye nilikwenda naye nikaona kinachofanyika. Muuguzi, binti mdogo, alimwambia, "Mama, vua viatu, nione nyayo." Akamfumbisha macho, akawa anamgusa chini ya miguu kwa uzi mgumu wa nailoni, sehemu moja baada ya nyingine. Mama mdogo anaitikia "ndiyo" kila anapousikia. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia uzi ulipinda mara mbili, naye yuko kimya. Muuguzi akageuza kisigino, akakuta ufa ambao hata mwenyewe hakuwa na habari nao. Akamuuliza nani anamkata kucha. Mjukuu, kwa wembe. Akamuuliza kwa siku anakula machungwa mangapi. "Mwanangu," mama mdogo akajibu, "shambani nani anahesabu?" Hapo ndipo sukari inayopanda kila mwaka miezi ileile ilipopata maelezo.

Daktari wa mjini hakuwa mjinga. Alikuwa na foleni. Lakini "punguza wanga" kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna muhogo asubuhi na ugali jioni ni maneno yasiyo na pa kushikia, na muuguzi aliyekulia tarafa hiyohiyo alijua aanzie wapi. Mtu anapouliza historia ya mtoa huduma, na hii ni historia pia: mahali alikokulia na jiko analolifahamu.

Habari ya miguu si ya pembeni. Ganzi ikishaingia, jeraha dogo linageuka donda ndugu na mguu unakatwa. Muhimbili, Dkt. Zulfiqarali Abbas ametumia miaka mingi kwenye mguu wa kisukari, na mradi wa mafunzo uliofanyika nchini miaka ya 2000 uliwachukua daktari na muuguzi wawiliwawili kutoka vituo vya mikoani. Waliouandaa walielewa kwamba kukagua miguu ya kila mgonjwa kila anapokuja kunahitaji mikono ya muuguzi.

Sasa hofu za upande wa pili. Ya kwanza inanitisha mimi pia: mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi tena insulini. Anafika zahanati amekonda, anatapika, anapumua kwa kasi, fahamu zinampotea, na katika nchi yenye malaria kila mtu anafikiria malaria. Watoto wamekufa hivyo. Tone moja la damu kwenye glukomita, kile kifaa kidogo cha kupimia sukari, lingetosha kuwaokoa, lakini mtu lazima kwanza afikirie kupima, na hapo mafunzo yana kazi yake. Mtoto huyo akishatambuliwa anamhitaji bingwa, sibishani. Vilevile mjamzito, na mtu ambaye figo zimeanza kulegea. Mzee anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, huku hali chakula cha kutosha anaweza kuzimia kwa sukari kushuka, na kulijua hilo kabla halijatokea kunataka elimu.

Hofu ya pili ni ya mazoea: mgonjwa yuleyule, dozi ileile, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa tabibu anaogopa kuipandisha. Hapa mwongozo peke yake hautoshi, na upande wangu lazima ukubali. Afrika Kusini tena, katika jaribio lililochapishwa 2016, wauguzi wa kliniki 38 za Western Cape walihusishwa. Waliopewa mwongozo na mafunzo ya ziada hawakuongeza dawa pale zilipohitajika kwa kiwango kinachozidi wenzao kwa uhakika. Hawakufanya vibaya zaidi, lakini maendeleo yaliyotarajiwa hayakuonekana. Nadhani aliye peke yake kituoni, bila mtu wa kumpigia simu na kumuuliza, atabaki na woga hata ukimpa kitabu kizuri namna gani.

Kwa hiyo bingwa ana nafasi, na nafasi yake ni nyuma ya tabibu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza mwaka 2005 kufundisha mabingwa wa tiba ya familia, yaani madaktari wa magonjwa ya kawaida ya watu wa rika zote. Mtu wa aina hiyo nisingemfungia chumbani aone wagonjwa 60 kwa siku. Ningempa vituo kumi avizunguke, akae na muuguzi, wapitie rejesta pamoja, wawatafute walioacha kuja.

Tena kwa idadi tuliyonayo hakuna njia nyingine. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa 1989 uliwakuta wenye kisukari wakiwa karibu asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima na watu waliopimwa havikulingana, kwa hiyo si sahihi kusema ugonjwa umeongezeka mara tisa. Lakini asilimia 9.1 ya watu wazima hawawezi kupanda basi la alfajiri kila miezi mitatu.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunapobishana juu ya vyeti, hatuulizi kabatini kuna nini. Utafiti wa vituo vya kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa 2014 ulikuta vituo vingi vya chini havina miongozo, vifaa wala dawa za mwanzo za kisukari na shinikizo la damu. Mweke bingwa kwenye zahanati ya namna hiyo, naye atamwandikia mgonjwa rufaa tu.

Mama mdogo sasa anakwenda zahanati kila mwezi, na mara moja kwa mwaka tunampeleka mjini kupimwa macho na figo. Ufa wa kisigino ulipona. Mara ya mwisho nilipokwenda naye, vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha. Muuguzi alimkagua miguu, akampima presha, akaandika kwenye daftari lake, na mahali pa sukari akaacha wazi.