Mtoro Katika Nyumba ya Mchungaji

Kuna hoja inanikera: eti tamthilia inayohusu taifa ni lazima imtoe mtazamaji ukumbini kifua mbele, la sivyo mwandishi amewatukana watu wake. Nimesikia ikisemwa hivyo kuhusu Cymru Fydd, yaani Welisi ijayo, tamthilia ya Kiwelisi ya Saunders Lewis, na siwezi kunyamaza.

Kwanza tazameni ilipooneshwa: Eisteddfod, tamasha kuu la utamaduni wa Kiwelisi, ya mwaka 1967, mjini Bala. Maili chache kutoka hapo, miaka miwili tu nyuma, kijiji cha Capel Celyn kilikuwa kimefunikwa na maji, shule na kanisa na nyumba za watu, ili Liverpool, jiji la Waingereza, lipate bwawa la maji. Wabunge wa Welisi katika bunge la London walikuwa wamepinga, karibu wote, na sheria ya bwawa hilo ikapita vilevile. Kisha mwaka 1966 Gwynfor Evans akashinda jimbo la Carmarthen, mbunge wa kwanza wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Welisi. Watu wana uchungu, wana tumaini, wako tayari kabisa kusifiwa.

Lewis akawaletea Dewi. Mwana wa mchungaji, mtoro wa gereza, amejificha nyumbani kwa wazazi wake. Haamini Mungu, haamini Welisi, haamini chochote. Bet, msichana anayempenda, anamsihi ajisalimishe, amalize kifungo, aanze upya. Analala naye kwa ahadi hiyo. Kulipokucha Dewi anaivunja ahadi, polisi wanafika, naye anapanda juu ya paa na kujirusha.

Sasa kumbukeni nani ameandika haya. Lewis ni mmoja wa waasisi wa Plaid Cymru chenyewe, mwaka 1925. Mwaka 1936 yeye na wenzake wawili walichoma moto kambi ya jeshi la anga la Uingereza iliyokuwa ikijengwa Penyberth, huko Welisi, kuwafundisha marubani kurusha mabomu, kisha wakaenda kwa miguu yao wenyewe kujisalimisha polisi. Wakafungwa miezi tisa. Mtu aliyejisalimisha kwa ajili ya nchi yake, miaka thelathini baadaye anamweka jukwaani kijana asiyeona kitu cha kujisalimishia! Hayo si matusi. Ni swali la mzee anayetaka kujua waliomfuata wamerithi nini. Na amemtoa kijana huyo katika nyumba ya mchungaji, nyumba zilezile zilizokilea Kiwelisi, mbele ya watu waliokulia humo. Kwa Kiingereza swali hilo lingegeuka ushahidi mikononi mwa wanaowadharau. Kwa Kiwelisi lilikuwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na ndiyo maana aliweza kulisema lote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Bet anabebeshwa mzigo usio wake. Kwa nini nchi iokolewe kwa mwili wa msichana? Hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Lakini msiniambie Dewi alikuwa uzushi. Mwaka 1979 Wawelisi waliulizwa kama wanataka bunge lao, wakakataa wanne kwa mmoja. Mwaka 1997 wakakubali kwa asilimia 50.3, roho mkononi. Shaka ile ilikuwepo miongoni mwao, na mtu mmoja aliipa jina na sauti mapema.

Natamani Theatr Cymru, kampuni ya taifa ya maigizo ya Kiwelisi, waipandishe tena jukwaani, na wasithubutu kumpa Dewi sababu ya kuishi ambayo Lewis hakumpa.