Natetea Moshi Unaorudi

Huku Texas, watu wa nyama ya moshi wana msimamo wao. Moto unakaa upande huu, nyama katikati, bomba la moshi upande wa pili. Moshi unaingia, unapita juu ya nyama mara moja, unatoka. Aaron Franklin, mpishi wa Austin aliyeanza kuuza kwenye trela mwaka 2009 na kupata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, mwaka 2015, anapika kidari chake, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, hivyo hivyo, ndani ya matangi makubwa ya gesi yaliyokatwa na kuchomelewa upya. Nyama yake haina mjadala. Lakini yeye ana wapishi wanaolinda moto usiku kucha. Mtu anayejitengenezea jiko nyuma ya nyumba, anayetaka kulisha ukoo mzima Jumamosi bila kushinda amesimama akihamisha minofu kutoka pembe hii kwenda ile, mimi namshauri ajenge jiko la moshi unaorudi.

Tofauti yote iko kwenye bamba moja la chuma. Linachomelewa chini ya wavu wa nyama, linaanzia ukuta wa upande wa moto na kwenda karibu hadi mwisho wa chumba, pande zote mbili zimezibwa. Moshi unalazimika kupita chini ya bamba hadi ukuta wa mwisho, unapanda kwenye nafasi iliyoachwa pale, halafu unarudi juu ya nyama ukielekea ulikotoka. Ndiyo maana bomba la moshi linasimama upande ule ule wa moto.

Faida yake unaweza kuiona kwa macho. Panga vipande vya mkate juu ya wavu toka mwisho hadi mwisho, funga mlango, subiri kidogo. Kwenye jiko la kawaida lisilorekebishwa, vipande vya karibu na moto vinaungua wakati vya mbali bado ni vyeupe. Kwenye langu vilitoka na rangi moja ya kahawia, isipokuwa kile cha pembeni kabisa kilichogusana na ukuta wa moto. Bamba likishapata joto linafanya kazi kama kikaango kizito cha chapati: hata moto ukipungua kidogo, chenyewe kinaendelea kutoa joto lake taratibu. Kidari kinahitaji utulivu huo kwa saa nyingi, jiko likiwa kati ya nyuzi 107 na 121 za Selsiasi, ili ule ukano mgumu ulainike na kuyeyuka. Nyama ikifika kama nyuzi 70 kwa ndani, joto lake linagoma kupanda kwa muda mrefu kwa sababu maji yanayokauka juu yake yanaipoza. Wengi hapo huongeza kuni kwa hofu. Iache, itapita yenyewe.

Wanaolipinga jiko hili wana hoja moja nzito, nami naikubali: bamba linapunguza mvuto wa hewa. Moshi unasafiri urefu wa jiko mara mbili na kukata kona katikati. Majiko mengi ya kujitengenezea hufia hapo, kwa sababu mtu amenunua chuma kizuri, amepaka rangi nzuri, amefunga magurudumu, kisha njia ya hewa ameikadiria kwa jicho.

Ipigie hesabu. Chukua tangi la kipenyo cha sm 60 na urefu wa sm 120. Ujazo wake ni kama lita 340. Chumba cha moto kwa kawaida kinapewa theluthi ya hapo, yaani lita 113 hivi. Sanduku la sm 50 kila upande linakupa 125, na hiyo ziada haina ubaya. Sasa weka bamba sm 15 kutoka chini ya tangi. Bamba litakuwa na upana wa sm 52, na uwazi uliobaki chini yake una eneo la sm 553 za mraba. Nafasi ya mwisho, pale moshi unapopanda, isiwe ndogo kuliko hapo: gawanya 553 kwa 52, unapata sm 10.6. Acha sm 11 au zaidi. Nimeona majiko yenye sm 5, na wenyewe wanalalamika kwamba nyama inatoka chungu.

Uchungu huo unatokana na moto unaokosa pumzi. Kuni zikinyimwa hewa zinatoa moshi mzito mweupe unaogandisha masizi na utomvu juu ya nyama. Kuni kavu zenye hewa ya kutosha zinatoa moshi mwembamba wa bluu ambao mchana wa jua huuoni vizuri. Kwa hiyo joto la jiko lipunguze kwa kuwasha moto mdogo. Ukiziba hewa, joto litashuka kweli, lakini nyama itatoka chungu.

Mafuta nayo yana adabu yake. Yanadondokea kwenye bamba moto, yanachemka, na sehemu ya harufu ile tamu inatoka hapo. Inamisha bamba kidogo kwenda mbali na moto, chomelea ukingo mfupi kwenye ncha yake, na hapo toa bomba la inchi moja lenye koki linalopita nje. Mafuta yakikusanyika upande wa moto unatafuta balaa.

Na balaa jingine ni tangi lenyewe. Tangi la gesi la zamani, hata kama limekaa wazi miaka, lisiguswe na grainda kabla ya kufunguliwa valvu na kujazwa maji hadi juu. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yasitumike popote penye moto, kwani mvuke wake unaumiza mchomeleaji. Haya siyaandiki kwa kujaza ukurasa. Watu wanakufa kwa matangi.

Hapa kuni ni mwaloni. Kwa msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam, mwembe na mpera uliokauka vizuri vinafaa sana, mkaratusi na msonobari viache vijenge paa. Pipa la lita 200 linaweza kukufundisha, ila bati lake lina unene wa milimita moja hivi na joto halikai. Tafuta chuma cha milimita 6. Bamba la vipimo nilivyotaja litakuwa na karibu kilo 27, litachelewa kupata moto, na uzito huo ndio unaoununua.

Ukienda kwa fundi wa kuchomelea, nenda na mchoro na vipimo, umchoree kwa chaki juu ya tangi lenyewe mahali bamba litakapokaa na litakapoishia. Atakwambia nafasi hiyo ya mwisho ni kubwa mno, joto lote litatoroka. Mwambie akate hivyo hivyo.