Eti Mombasa Siyo Nje

Jumapili niliweka stetasi picha moja tu, mimi na mdogo wangu juu ya feri ya Likoni, nikaandika: "Safari ya kwanza nje ya nchi." Haikupita dakika tano, jamaa niliyesoma naye akajibu: "Nje wapi, Mombasa? Si ungesema tu umeenda Muheza, hapa hapa Tanga." Akamalizia na vikatuni vya kucheka saba. Nilivihesabu.

Haya. Wenzetu nje yao ni Dubai, na usiporudi na chupa ya manukato na picha ya lile ghorofa refu, hujasafiri. Lakini Muheza haniulizi mtu kadi ya homa ya manjano. Na Muheza mama hashiki kichwa mbele ya fungu la nyanya akizidisha bei mara ishirini kujua ni shilingi ngapi za kwetu.

Tulikuwa tunakwenda harusini Msambweni ya Kenya, kwa watoto wa dada yake bibi. Paspoti laki na nusu kwa kichwa, na vichwa vitano; baba alikataa karatasi ya dharura, eti tusafiri kama watu. Tukakodi Noah hadi Horohoro, mpakani.

Pale dirishani kijana alimwamkia bibi vizuri tu, akamwambia aweke vidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akafuta kwa kitambaa, akaweka tena, ikakataa. Bibi amesuka ukili tangu hajaolewa. Ncha za vidole vyake zimelainika kama kete. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichotuokoa, mara ya nne.

"Bibi, Kenya unaenda kufanya nini?"

"Nakwenda kwetu, mwanangu."

"Kwenu si Tanga?"

"Na huko pia."

Watu kwenye foleni walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu tukiwa ndani ya matatu kicheko kikanikwama. Maana hajakosea. Wadigo wako huku na wako kule, na kilichowagawa ni mstari. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana huko Ulaya mstari uanzie mdomo wa mto Umba, ukwee mpaka Ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro, uende zake Ziwa Victoria. (Ile hadithi ya malkia kumzawadia mjukuu wake mlima achaneni nayo, ni porojo.) Watu wa kwao bibi hakuwauliza mtu. Sasa mjukuu wao naye anawekewa mashine isome vidole, ili akale pilau la mtoto wa dada yake.

Najua, najua. Mpaka lazima uwepo, kuna magendo na kuna watu wabaya, na huduma yenyewe siku hizi ni jengo moja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili unamaliza. Nakubali. Sijasema pabomolewe. Nasema mtu asiniambie sikwenda nje, na asiniambie pia kwamba nilikwenda ugenini. Bibi alishuka Msambweni, wakaanza Kidigo pale pale kwenye vumbi, hata mizigo haijateremshwa. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, Kidigo changu cha kuokoteza.

Mombasa yenyewe tulikaa siku moja. Feri ukiwa kwa miguu hulipi kitu; mama alishika noti mkononi mpaka ng'ambo, haamini. Fort Jesus, Mreno aliijenga 1593, imetunzwa vizuri, nami nikakumbuka magofu yetu ya Mjerumani yanayoota mikuyu, nikanyamaza. Nilimwamkia konda shikamoo akaangua kicheko: "Wewe ni wa Tanzania!" Ametumia kigezo gani sijui, nilikuwa nimesema neno moja. Mbaazi zao tamu, lakini mahamri ya mama ni mahamri ya mama.

Yule jamaa sijamjibu hadi leo.

Bibi naye paspoti ameifunga ndani ya kanga, kwenye sanduku lake la bati. Kila Ijumaa akitoka kuswali ananiita nimfungulie ukurasa wenye mihuri. Mmoja ulipigwa kwa wino mwepesi, upande wa kulia hausomeki. Wiki hii ameniuliza kama ukifutika wote watamrudisha njiani, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili kuna jando kule.