Maumivu ya ubavu si UTI kila mara

Nimefurahi sana kusoma habari yenu ya kijana aliyerekebishiwa mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, kwa upasuaji wa matundu madogo. Mrija wa kulia ulizunguka nyuma ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukabanwa, figo ikajaa maji. Mtu huzaliwa na tatizo hili, lakini wengi huanza kuumwa wakiwa na miaka kati ya 20 na 40.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, Igombe hadi Ukerewe, ubavu ukiuma unapewa dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au kichocho, zikiisha unapewa tena. Kichocho kipo ziwani, sikatai. Ila maumivu yakirudi upande uleule, jamani, ombeni ultrasaundi ya figo!

Mhariri, tuandikieni na gharama za upasuaji huo wa matundu madogo. Mvuta nyavu akipasuliwa kidonda kirefu, akikaa bila kazi hadi kipone, familia inakula nini?