Rilei Inasingiziwa

Rilei ni kifaa kinachopima mkondo wa umeme kwenye laini na kuiamuru breka ikate ukizidi. Mafundi waliokulia kwenye rilei za sahani, zenye sahani ya chuma inayozungushwa na mkondo, wana lalamiko moja kuhusu rilei za kidijitali za kuprogramu zinazofanya kazi hiyo leo. Ya zamani ilikaa miongo ukutani. Ukifungua kioo unaona kila kinachozunguka, na ikikwama unaona ilipokwama. Hii mpya ina menyu na nywila, na breka ikitripu usiku bila sababu inayoonekana, hakuna wa kuielewa.

Lalamiko lina uzito, ila naona linaelekezwa pabaya. Mara nyingi kilichofanyika ni kung'oa sahani, kufunga rilei ya kidijitali, kisha kunakili mipangilio ileile: mchirizo uleule wa muda wa kukata kulingana na ukubwa wa mkondo, na sekunde 0.4 zilezile za kusubiriana kati ya ngazi na ngazi, yaani kati ya rilei moja na inayofuata.

Hizo sekunde 0.4 zinastahili kutazamwa upya. Rilei iliyo karibu na chanzo cha umeme huisubiri ya mbele yake, ili shoti ikatwe na breka iliyo jirani nayo na wateja wengine wabaki na umeme. Ndani ya subira hiyo kuna muda wa breka kufunguka, kosa la vipimo na akiba ya usalama. Kuna pia kitu kinachotokana na sahani yenyewe: mkondo ukishakatika, sahani huendelea kuzunguka kidogo kwa kasi iliyokuwa nayo. Kwenye rilei ya kidijitali hilo karibu halipo, na makosa ya vipimo ni madogo, ndiyo maana miongozo huruhusu sekunde 0.3.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu atasema, ni kitu gani? Lakini subira hujumlishana. Weka ngazi tatu nyuma ya rilei inayokata papo hapo: rilei ya chanzo itasubiri takriban sekunde 1.2 kwa mpango wa zamani, 0.9 kwa mpya. Na hapo kwenye chanzo, penye subira ndefu kuliko zote, ndipo shoti ilipo kubwa kuliko zote. Kuna swichigia nyingi (makabati ya breka na vyuma vyake) zilizopimwa kuhimili mkondo kamili wa shoti kwa sekunde 1 tu. Kwa 1.2 umeshavuka kipimo kabla breka haijaanza kufunguka, kwa 0.9 umebaki ndani, japo kwa nafasi finyu.

Na hata hiyo 0.9 haina ulazima. Rilei za fida, yaani za laini zinazotoka kwenda kwa wateja, zinaweza kupewa kazi ya kuituma rilei ya chanzo ishara ya zuio kila zinapoona shoti. Rilei ya chanzo ikiona shoti na ishara isifike, maana yake shoti iko kwenye basiba yenyewe, vyuma vinavyogawa umeme kwa fida zote, na rilei ya chanzo inakata baada ya takriban sekunde 0.1. Kwa mkondo uleule, joto linalomwagika kwenye vyuma wakati wa subira hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya lile la sekunde 1.2, na mwanga wa moto unaoweza kumkuta fundi mbele ya kabati hupungua sana pia. Uwezo huu umo tayari ndani ya rilei nyingi zilizonunuliwa, umezimwa.

Upande wa pili una ushahidi wake. NERC, chombo kinachosimamia uimara wa gridi za Amerika Kaskazini, kimeripoti tena na tena kwamba mipangilio yenye makosa ni miongoni mwa sababu kuu za kinga kufanya kazi visivyo. Programu hasidi iliyotumika kuzima umeme Kyiv Desemba 2016 ilibeba sehemu ya kuzifanya rilei zisiitikie. Vifaa hivi pia huzeeka mapema kuliko sahani, na bila betri nzima ni vipofu.

Yote hayo nayakubali. Ila rilei ya sahani iliyokatika waya ndani hukaa kimya mpaka siku ya shoti, wakati ya kidijitali hujikagua na kutoa kengele ikiharibika, alimradi kengele hiyo imeunganishwa mahali penye mtu. Kinachokosekana zaidi ni hesabu ya uratibu, ya kupanga rilei ipi ikate kwanza na ipi isubiri, iliyofanywa kwa ajili ya rilei hizi, ikahifadhiwa, na kurudiwa kila transfoma inapobadilishwa au mitambo ya sola inapounganishwa katikati ya laini. Bajeti ya rilei isiyo na fungu la kazi hiyo irudishwe kabla ya kusainiwa.