Mti Unaokatwa Kila Mwaka Ulichaguliwa Vibaya

Kila mwaka, joto la kaskazi linapokaribia kwisha na watu wanapoanza kutazamia masika, wenye nyumba wengi wa Malindi huwaita vijana wenye mapanga na kuwaambia wapunguze miti ya uani. Jioni ikifika, mwarobaini umebaki gogo, mkungu hauna kivuli, na mvinje uliokuwa ukizuia upepo umesimama kama mlingoti. Sababu zinazotolewa ni zilezile: majani yamejaza bati na kuziba mfereji wa maji ya mvua, matawi yamekaribia nyaya za umeme, mizizi imeinua sakafu ya baraza, jirani amelalamika. Sababu hizo ni za kweli, wala simlaumu mtu anayeogopa tawi kuangukia paa lake. Ninachokikataa ni imani kwamba panga ndilo dawa, kwa maana karibu matatizo yote hayo yalianzia kitaluni, siku mche uliponunuliwa bila mtu kujiuliza utakuwa na ukubwa gani ukikomaa.

Mti unaokatwa kichwa haukubali kubaki mfupi. Kwa kuwa umepoteza majani yanayoulisha, hutumia akiba yake kutoa machipukizi mengi kwa haraka chini ya mahali palipokatwa, na katika misimu michache huwa umerudia kimo chake cha awali. Tofauti ni kwamba machipukizi hayo hushikamana na tabaka za juu tu, karibu na gome, tofauti na tawi la asili ambalo mbao zake zimefumana na mbao za shina mwaka baada ya mwaka. Upepo wa kusi unapokaza kati ya Juni na Agosti, matawi hayo mapya ndiyo ya kwanza kung'oka. Wakati huohuo kidonda kikubwa kilichoachwa juu ya shina hupokea maji ya mvua na kuoza kuelekea ndani. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekata mti kwa kuogopa hatari anakuwa ameiongeza, na mwaka unaofuata atalazimika kukata tena. Mvinje una desturi nyingine: ukishakatwa sana hauchipui vizuri, na mara nyingi hukauka kabisa.

Katika viwanja vingi vya mjini hapa utaikuta miti ileile: mwarobaini, ambao asili yake ni bara Hindi, mvinje, mkungu, mjohoro kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na mkrismasi wenye maua mekundu, uliotoka Bukini, yaani Madagaska. Sisemi kwamba miti hii haina faida. Mvinje ulistahimili mwamba mtupu wa machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, tangu upandaji ulipoanza mwaka 1971, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani, na nguzo zake zimesimamisha nyumba nyingi za makuti katika pwani hii. Mwarobaini nao umewapa wachongaji wa vinyago mbao mbadala wa muhuhu, ambao ulikatwa mno katika misitu yetu. Lakini mti ufaao shambani si lazima ufae mita tatu kutoka dirisha la chumba cha kulala. Zaidi ya hayo, ndege na popo hula matunda ya mwarobaini na kuzitawanya mbegu, kisha miche huota kila pembe, hata katika vichaka vya asili ambako hakuna aliyeukaribisha.

Hapa nieleweke vizuri. Mwembe si mti wa asili ya Afrika, na sitamwambia mtu yeyote aung'oe mwembe uliopandwa na babu yake. Nikithubutu, nitakosa maembe na heshima kwa pamoja. Vilevile, mti kuwa wa kwetu hakuufanyi ufae kila mahali. Mwegea ni mti wa asili, na maua yake hupendwa na popo, lakini tunda lake linaweza kuzidi kilo 5, na anayeupanda penye maegesho atajuta siku tunda litakapoanguka juu ya kioo cha gari. Mikuyu na ndugu zake ni miti ya asili pia, na atakaye kujua mizizi yao hufanya nini penye ukuta aende Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, akaitazame jinsi inavyopenya na kuzikumbatia kuta za matumbawe.

Ningependa kila anayejenga Malindi au Watamu aende Gede kabla ya kwenda kitaluni, kwa sababu miche yote ikiwa kwenye vifuko hufanana kimo, na mnunuzi hudanganyika. Pale magofuni utauona mbuyu ukiwa mbuyu kamili. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, uko karibu vilevile, na ndani yake utaona jinsi mrihi na mbambakofi vinavyoishi katika mchanga mkavu bila ya kumwagiliwa na mtu. Miti ya pwani hii ilishazoea mvua zetu za misimu miwili, ukame wa kaskazi na udongo wenye chokaa nyingi. Kuibembeleza sana hakuhitajiki, ila kuipa nafasi.

Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, mti ninaoutaja kwanza ni mtondoo. Hustahimili chumvi inayoletwa na upepo, majani yake ni manene na ya kung'aa, kivuli chake ni kizito, na mbegu zake zina mafuta yaliyojulikana na waunda vyombo vya baharini kwa muda mrefu. Hukua polepole, na hilo ndilo linalowakimbiza wanunuzi, ingawa kwangu mimi ni sifa: mti unaokua polepole huwa na mbao ngumu na humpa mwenyewe muda wa kuuelekeza. Asiye na nafasi ya mtondoo na apande mtakawa, ambao ni mdogo zaidi, huvumilia chumvi kama huo wa kwanza, na hutoa maua ya manjano yanayogeuka rangi ya zambarau yanaponyauka.

Mbali kidogo na bahari, mkwaju hauna mpinzani. Wengi hudhani ni mti wa Kihindi, lakini asili yake ni Afrika. Mizizi yake huingia chini, matawi yake hupinda bila kuvunjika, na tunda lake halihitaji mtu kuulizia soko. Ugumu ni ukubwa. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ndicho kipimo cha wengi wetu, mkwaju mmoja unatosha kabisa, tena upandwe nyuma, angalau mita 10 kutoka ukuta wa nyumba na mbali na tanki la maji taka, baada ya kuzungumza na jirani ambaye kivuli kitamfikia. Najua ushauri wa mti mmoja mkubwa unakwenda kinyume na desturi yetu ya kupanda miche kumi kando ya ukuta, lakini miche hiyo kumi, ikikua, ndiyo inayolisha panga.

Mbambakofi ni mti wa milango na wa subira. Mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu zinapendeza hata kabla hazijapandwa, nao hushusha mzizi mmoja mrefu mapema sana. Kwa hiyo mche uliokaa kitaluni muda mrefu, mzizi ukawa umejikunja ndani ya mfuko, hautakuwa imara kamwe. Ni afadhali kuotesha mbegu mahali pale pale mti utakaposimama. Kwa ua mdogo, mtalawanda unatosha: haupanuki sana na hauhitaji kukatwakatwa.

Mbuyu tuuache na nafasi yake. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa ikasafirishwe nchini Georgia, watu walishtuka na serikali ikaamuru uchunguzi, nami nilishtuka pamoja nao. Lakini hapa kwetu mibuyu mingapi huangushwa kimyakimya ili kiwanja kiwe safi kabla ya kujengwa? Anayenunua ardhi yenye mbuyu, mkwaju au mbambakofi mkubwa aiambie ramani ya nyumba isogee. Mchoro hubadilishwa kwa siku chache, ilhali mti wa aina hiyo mwenye nyumba hatauona tena katika maisha yake.

Kuhusu wakati wa kupanda, sikubaliani na mtindo wa kampeni. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Nia ni njema, lakini kalenda ya nchi nzima haiwezi kuwa kalenda ya Malindi. Huku kwetu mche uliopandwa Novemba hupata vuli ya wiki chache, kisha hukutana na kaskazi ya Januari hadi Machi mizizi ikiwa bado mifupi. Mche uliopandwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekwisha kulowesha ardhi, hupata masika yote, manyunyu ya kusi na vuli, ndipo uonje ukame. Tena kampeni huhesabu miche iliyoingia ardhini, na mimi ningetaka tuhesabu ile iliyo hai baada ya kaskazi ya tatu.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande. Penye mwamba wa matumbawe tumia mtaimbo kuvunja sakafu ya shimo mpaka mizizi ipate upenyo, kwani shimo lililochongwa ndani ya jiwe zima ni sawa na chungu cha maua kilichofukiwa. Changanya udongo wa juu na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Chana mfuko wote na uutoe, na ukiona mizizi iliyozunguka duara ikate, usiionee huruma, kwa sababu ikiachwa itaendelea kuzunguka hadi iunyonge mti wenyewe. Mahali ambapo shina linaanza kutanuka kuwa mizizi pabaki juu ya ardhi. Miche mingi hufa kwa kuzikwa kina. Tandaza makumbi ya nazi na majani makavu kuzunguka mche, ila acha nafasi ya kiganja kati yake na shina ili usiwaite mchwa na kuoza. Mbuzi wa mtaani nao wana haki ya kutembea lakini hawana haki ya kula mche wako, basi uzungushie miiba au wavu.

Maji ni sura yenye mtego katika mji huu. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na mche mchanga hauvumilii kile ambacho mti mkubwa hukivumilia. Yaonje maji kabla ya kumwagilia, na kama ni ya chumvi, hifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kaskazi. Dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, likimiminwa taratibu mpaka lizame, lina faida kuliko kunyunyiza kila jioni, kwa sababu maji ya juujuu huifundisha mizizi kukaa juujuu.

Kupogoa kwenyewe, kukifanywa mapema, ni kazi ya mkasi. Katika miaka mitatu ya mwanzo chagua shina moja liongoze, punguza yanayoshindana nalo, na usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Tawi kubwa likilazimika kutoka, tumia msumeno na ukate mara tatu: kwanza kutoka chini, hatua fupi mbali na shina, mpaka theluthi ya unene, pili kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome, mwisho kata kisiki kilichobaki kando ya ule uvimbe ambapo tawi huungana na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe na bila kuacha kigingi. Usipake rangi wala chokaa. Mti hufunga kidonda chake wenyewe. Na anayeweka kabro, yaani matofali ya sakafu, uani aache angalau mita moja ya udongo mtupu kuzunguka shina, kwa maana mizizi hupumua.

Lamu mjini habari ni nyingine. Nyumba zimeshikana, njia zinampitisha punda kwa taabu, na kuta za matumbawe hazitaki jirani mwenye mizizi. Mwenye kiwanda cha ndani, yaani ua ulio katikati ya nyumba, atosheke na yasmini au mlimau kwenye chungu, na hamu ya mti mkubwa aipeleke shambani.

Lililobaki ni malipo. Mara nyingi kijana wa panga hupewa ruhusa ya kuchukua kuni ziwe sehemu ya ujira wake, nasi hushangaa kwa nini amekata sana. Vilevile mkwezi hodari wa minazi si lazima awe amefundishwa kupogoa mwembe, kwa kuwa mnazi hauna matawi ya kuchagua. Mwonyeshe kila tawi kwa kidole kabla hajapanda, mkubaliane bei ya matawi hayo tu, na kuni zibaki zako. Na ukitaka mche wa asili badala ya ule uliokushinda, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina kituo pale Gede. Uliza mbegu zilikusanywa wapi, mche una umri gani, na mti utakuwa na upana gani ukikomaa, kisha rudi nyumbani na kamba ukapime kiwanja kabla ya kulipa.